Kurasa Nne Zenye Namba Kumi na Nne

Jumakadyr hakuwa na meno ya juu upande wa kushoto. Hakuwa na shahada, wala cheti chochote zaidi ya kile cha shule ya jioni, alichokipata kwa kupanda nguzo za umeme mchana na kukaa darasani jioni, vidole vikiwa bado vimekufa ganzi kwa baridi. Hakuwa na mtoto wa kiume aliyebaki hapa kwetu At-Bashy; wote wawili walikuwa Urusi, mmoja akijenga maghorofa, mwingine akiendesha teksi. Hakuwa na printa. Hakuwa na subira. Hakuwa na mwalimu wa kompyuta, kwa kuwa yule wa maktaba ya wilaya alimfundisha kuwasha na kuzima, kisha akaolewa Bishkek. Na katika ukoo mzima wa Aldayar, wenye watu wa kujaza mabonde matatu, hakuwa na hata mmoja wa kumwambia kwamba kazi aliyoianza ilikuwa kubwa kuliko yeye. Au tuseme wa kumwambia walikuwepo. Alichokosa ni sikio la kuwasikilizia.

Kazi yenyewe ilikuwa kitabu cha nasaba. Nani alimzaa nani, kutoka kwa Aldayar aliyeishi vizazi kumi na kimoja nyuma hadi watoto wanaonyonya leo. Kwetu hilo si jambo la kujifurahisha. Mtoto akishindwa kutaja mababu zake saba, wageni hutazamana. Na mvulana na msichana wakikutana kwa babu yeyote kati ya hao saba, basi ni ndugu; hawaoani, hata wapendane vipi.

Aldayar alikuwa na wana wanne: Botobay, Esenkul, Tynar na Chalbar. Matawi manne, wazee wanne. Walipokutana nyumbani kwa Jumakadyr kusikiliza mpango wa kitabu, mkate ulikuwa bado haujamegwa na tayari walikuwa wanagombana.

"Botobay ndiye aliyezaliwa kwanza," alisema mzee wa tawi hilo. "Ukurasa wa kwanza ni wetu. Hakuna la kuzungumza."

"Alizaliwa kwanza kwa mke mdogo," alijibu Omurzak, aliyetoka Jumgal, ng'ambo ya milima, kwa niaba ya watu wa Esenkul. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye kofia nyeupe iliyosimama wima kama inamsikiliza. "Sisi hatuwezi kuanza ukurasa wa tisini. Tisini! Kama mkia wa kondoo!"

"Mkia wa kondoo ndio wenye mafuta," alisema mzee wa Chalbar. "Kaa nao."

"Basi kaa nao wewe!"

Jumakadyr, ambaye mwenyewe ni wa Tynar, aliwaacha wapige kelele mpaka chai ikapoa. Kisha akaigeuza kompyuta yake iwatazame. Tangu baridi ilipoanza alikuwa amekaa nayo dirishani, akibofya kila kitu kinachobofyeka ili aone kinafanya nini, na akiandika majibu yake kwa kalamu kama alivyokuwa akiandika mambo ya nyaya. Alikuwa amegundua kwamba faili moja refu linaweza kukatwa sehemu ndani kwa ndani bila kupasuliwa, na kila sehemu ikapewa hesabu yake ya kurasa.

"Kila tawi litaanza na ukurasa wa kwanza," alisema.

"Vitabu vinne?" aliuliza Omurzak.

"Kitabu kimoja. Moja, mbili, tatu, mpaka Botobay waishe. Halafu moja tena. Esenkul, moja. Tynar, moja. Chalbar, moja. Hakuna mkia."

"Na nani atakaa mbele?"

"Mtarusha vifundo vya miguu ya kondoo, kama kura. Vifundo havina ukoo."

Wakarusha. Na kwa kuwa hakuna aliyetaka hata jina la tawi jingine lionekane juu ya kurasa zake, Jumakadyr aliacha namba tupu chini, katikati ya mguu wa ukurasa. Orodha ya yaliyomo, ili pasiwe na wa juu wala wa chini, aliichora kama duara. Wazee walilizungusha lile duara mikononi mwao na kulisifu. Omurzak, ambaye hasifu, alisema, "Mtu wa nyaya, una akili." Jumakadyr aliishi kwa neno hilo kipupwe chote kilichobaki.

Siku hiyo hiyo lilizaliwa jambo jingine. Omurzak aliletwa na mjukuu wake Ilgiz, daktari wa mifugo, na chai ilimiminwa na Begimay, mjukuu wa Jumakadyr, muuguzi wa hospitali ya wilaya, aliyelelewa na babu yake tangu baba yake alipokwenda Urusi. Ilgiz alikunywa vikombe vingi kuliko kiu ya mtu yeyote. Majani ya kiangazi yalipoota, wazee wawili walikaa tena, safari hii kuhesabu mababu kwa mdomo, mmoja akitaja wa kwake na mwenzake akitaja wa kwake. Hawakukutana mpaka kwa Aldayar mwenyewe, mbali kabisa na saba. Jamaa za Ilgiz wakaja na vipuli vya fedha, mama yake akamvisha Begimay masikioni, na uchumba ukawa umefungwa. Harusi ilipangwa kufuata mavuno ya nyasi.

Kitabu kikatoka kabla ya harusi. Kilikuwa na jalada la buluu na maandishi ya rangi ya dhahabu, na kiligawiwa kwenye karamu iliyokula farasi mzima. Jumakadyr aliweka nakala yake kabatini nyuma ya kioo, jalada likitazama mlango. Hakuifungua. Kwa nini aifungue? Alikuwa anaijua kwa kichwa.

*

Simu ya Omurzak ilimkuta uani, Zuura mkewe akikaanga maandazi ya kujaribia sufuria mpya ya harusi.

"Mkwe," alisema Omurzak, bila kuuliza habari ya mifugo, wala ya afya, wala ya mvua. "Fungua kitabu chako. Watu wa Esenkul, ukurasa wa kumi na tatu na wa kumi na nne."

"Kuna nini, mkwe?"

"Kuna ulichoandika wewe. Kurman ni babu wa sita wa Ilgiz. Umeandika hivi, sikiliza: 'Kurman alikuwa na wake wawili. Kwa mke mdogo alimzaa Nazar.' Sawa, Nazar ni wetu. 'Kwa mke mkubwa alizaa wana watatu.' Nafungua ukurasa unaofuata. 'Jeenaly, Barpy na Sadyr.' Jeenaly ni nani?"

Jumakadyr alihisi mafuta ya sufuria yakinuka ghafla. "Jeenaly ni babu yetu sisi. Babu wa tano wa Begimay. Lakini Jeenaly ni mwana wa Boronbay, si wa Kurman. Nilikuambia."

"Kwa mdomo uliniambia Boronbay. Kwa maandishi umesema Kurman. Mdomo unaweza kutaka harusi, mkwe. Maandishi yanataka nini?"

"Ni kosa!"

"La nani? Wakati wa njaa watoto walichukuliwa wakalelewa na matawi mengine, kila mtu anajua. Kaka zangu wanasema Jeenaly alilelewa kwenu, nanyi mkamficha, na kalamu yako ikateleza ikasema kweli. Tulikisoma kitabu mbele ya watu, mkwe. Mbele ya ukoo wote! Niliposoma Jeenaly, mke wangu akaweka kikombe chini. Nikakifunga pale pale." Sauti yake ilishuka. "Hawa watoto ni ndugu kwa babu wa sita. Vipuli abaki navyo, sisi hatudai. Harusi haipo."

Simu ikakatika. Zuura alikuwa amesimama na kijiko hewani.

"Amesemaje?"

"Amesema kitabu changu kimevunja harusi."

"Nilikuambia tangu zamani," alisema Zuura, na machozi yakaanza kumtoka hata kabla hajamaliza kugomba, "nikakuambia, mzee, waandike wanaume waliokwenda shule ya mchana!"

Jumakadyr aliingia ndani, akafungua kabati, akatoa kitabu na kukifungua kwa mara ya kwanza. Esenkul, kumi na nne: Jeenaly, Barpy na Sadyr. Kweli tupu. Kisha akageuza mpaka kwa watu wake wa Tynar. Kumi na tatu ilimalizika vizuri: "Boronbay, mwindaji, alizaa wana watatu:" na kumi na nne ikaanza: "Malay, Dosu na Turdu." Akasoma mstari kwa mstari hadi chini, kidole kikitembea. Jeenaly hakuwepo. Mwana wa Jeenaly hakuwepo. Ukurasa wa kumi na sita alijikuta mwenyewe, Jumakadyr, fundi wa umeme, akining'inia hewani bila babu. Katika kitabu alichokiandika kwa mkono wake, hakuwa ametokana na mtu.

Begimay alirudi kutoka kazini, akamkuta hivyo. Alielezwa mlangoni, na bibi yake, kwa pumzi moja. Akakaa. Hakulia, aligusa kipuli cha kushoto kama mtu anayehakikisha kwamba mlango umefungwa.

"Babu," alisema, "sisi na Ilgiz ni ndugu au si ndugu?"

"Si ndugu."

"Unajua, au unataka?"

Hilo lilimwamsha. Alikuwa ameulizwa swali la fundi. "Najua," alisema, akavaa kofia yake. "Na kabla nyasi hazijaingizwa ghalani watu wa Jumgal nao watajua. Mwambie bibi yako aendelee na maandazi."

*

Duka la Gulsun la kuchapa na kunakili liko nyuma ya soko, kati ya muuza hatamu na fundi wa simu. Gulsun alikuwa mwanamke wa umri wa kati, mnene, mwenye miwani aliyoifunga kwa kamba ya viatu, na alikuwa hamwogopi mzee yeyote kwa kuwa alikuwa amewachapia wote hati zao za mashamba na kujua nani ana nini.

"Gulsun," alisema Jumakadyr akiweka kitabu mezani, "umenipa mababu wa watu wengine."

Akamwonyesha. Gulsun alisoma, akarudi nyuma, akasoma tena, kisha akashika kiuno.

"Ngoja, ngoja. Nakumbuka. Mashine ilikwama. Karatasi zilikunjamana kama uso wa mama mkwe wangu. Nikazichapa tena baadhi, rundo moja moja, upande mmoja tu maana karatasi ni nyepesi. Nikayapanga marundo mezani, kwenye mabenchi, mpaka juu ya meza ya kupigia pasi, tukawa tunazunguka tukiokota. Sasa nikabaki na marundo mawili mkononi, kumi na nne na kumi na nne."

"Na ukaweka ovyo!"

"Nikaweka kumi na nne baada ya kumi na tatu! Ulitaka niweke wapi? Mzee Jumakadyr, wewe uliniletea kitabu chenye kumi na nne nne. Nne! Maisha yangu yote ya kuchapa, kila kitabu kina kumi na nne moja. Hakuna jina, hakuna alama, namba tupu uchi. Mimi nisome nasaba yenu nijue Jeenaly ni kondoo wa nani?"

Jumakadyr alifungua mdomo kumjibu. Jibu lilikuwa zuri, lilikuwa na maneno mawili ya Kirusi ndani yake. Akalimeza. Alikuwa amejisifu kwa majirani wote kwa zile namba. Aliwaonyesha hata watu waliokuja kusoma mita.

"Vitabu vyote viko hivi?" aliuliza.

"Vyote. Tulizunguka meza kwa mpangilio ule ule. Mimi nikikosea," alisema Gulsun kwa heshima fulani, "nakosea kwa usawa."

Fundi wa simu aliyekuwa akisikiliza mlangoni alicheka. "Basi mzee fungua faili lako, umtumie Omurzak picha."

"Omurzak atasema nimelibadilisha jana," alisema Jumakadyr. "Na mimi ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Faili haliwezi kushuhudia. Leo lina hili, kesho lina lile."

Akavuta kiti, akakaa, akaweka kitabu magotini. Aliwaza kama alivyokuwa akiwaza chini ya nguzo, umeme ukiwa umepotea mahali fulani kati ya kijiji na kijiji: usitazame taa, fuata waya mpaka mahali unapounganishwa. Mahali pa kuunganishwa pa ukurasa ni wapi? Ni pawili. Juu, unapopokea kutoka kwa ule uliotangulia. Na chini, unapokabidhi kwa ule unaofuata.

Na hapo akamkumbuka baba wa babu yake, aliyekuwa wa kwanza kuiandika nasaba hii kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, kwenye daftari ambalo Jumakadyr alilinakili lote. Mzee yule hakuweka namba hata moja. Lakini chini ya kila ukurasa, pembeni, peke yake, aliandika neno dogo, na neno hilo lilikuwa lile lile linaloanza ukurasa unaofuata. Jumakadyr alidhani ni uzembe wa mwandishi mchovu anayeandika neno mara mbili. Alipokuwa anachapa, aliyaruka yote, akimhurumia kidogo.

"Lo," alisema, sasa akicheka kwa pengo lake lote, "kumbe mimi ndiye niliyekuwa wa kuhurumiwa."

"Mzee, unaumwa?" aliuliza Gulsun.

"Soma hapa. Esenkul, mwisho wa kumi na nne. Kisha geuza, endelea kumi na tano usisimame."

Gulsun alisoma kwa sauti ya redio: "'Barpy alikwenda Kashgar kuuza ngozi, na huko akakutana na...'" Akageuza. "'...meno mawili tu mdomoni, lakini alikula nyama kuliko vijana.'"

Kisha fundi wa simu akashikilia mlango.

"Alikutana na meno mawili!" alipiga kelele. "Kashgar! Yalikuwa yanauzwa?"

"Sasa kwetu," alisema Jumakadyr, machozi ya kicheko yakimtoka. "Tynar, mwisho wa kumi na nne."

"'Turdu alipofika uzeeni alibaki na...' Mungu wangu. '...binti wa mshona viatu, akamwoa, wakarudi naye na ngamia.'"

"Hongera Turdu," alisema fundi wa simu.

Juu karatasi zote mbili zilikaa vizuri kwa bahati, kwa kuwa Kurman na Boronbay wote walikuwa na wana watatu. Chini hazikukaa. Na chini kulikuwa kumechapwa na kufungwa kwa gundi mapema mno hata mtu asiweze kusema kumebadilishwa jana.

*

Alimpigia Omurzak pale pale dukani, kila mtu akisikiliza.

"Nimeshasema niliyosema," alianza Omurzak.

"Sikupigii unisikilize, mkwe. Nakupigia usome. Una kitabu?"

"Nimekitia sandukuni."

"Kitoe."

Walisikia kufuli, kikohozi, kurasa.

"Mlifunga kitabu mlipofika kwa Jeenaly. Usikifunge sasa. Shuka mpaka mwisho wa kumi na nne, halafu vuka bila kupumua. Soma kwa sauti."

Omurzak alisoma polepole, kama mtu anayesoma hukumu. "Barpy alikwenda Kashgar kuuza ngozi, na huko akakutana na... meno..." Kurasa zikageuka nyuma, zikageuka mbele. "...meno mawili tu mdomoni."

"Meno mawili ya nani, mkwe?"

Walisikika kuku wa Jumgal.

"Ya Turdu," alisema Omurzak hatimaye, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Turdu wetu. Bibi yangu alikuwa akimsimulia. Meno mawili, na bega zima la kondoo anamaliza peke yake. Turdu ni mwana wa Kurman."

"Pamoja na Malay na Dosu. Wako kwangu, wanakaa kwa Boronbay kama wageni. Nenda watu wa Tynar, kumi na nne, utawaona. Na soma mwisho wake pia, lakini usimsomee mkeo."

Omurzak akaenda. Kikasikika kitu ambacho hakuna mtu wa At-Bashy aliyewahi kukisikia: Omurzak akicheka, kikavu, kwa vipande, kama kuni zikivunjwa.

Lakini alipomaliza alisema, "Mimi nimeelewa, mkwe. Hilo halitoshi. Nilisoma Jeenaly mbele ya ukoo wote. Nikiwaambia leo kwamba nimezungumza nawe kwenye simu tukacheka, watasema wazee wawili wamepatana kwa sababu nyama imeshanunuliwa. Msichana ataingia nyumba ambayo shangazi watamtazama kwa pembe ya jicho mpaka azeeke. Niandikie. Weka karatasi zote mbili zilizo sahihi, sema kilichotokea, sema kosa la nani. Funga kwa lakiri. Nitaita watu wale wale, nitawaonyesha kwamba haijaguswa, nitaifungua mbele yao na kusoma."

"Utaipata."

"Na mkwe..."

"Naam."

"Kumi na nne nne. Ulitoa wapi wazo hilo?"

"Kwako! Ulikuwa hutaki kuwa mkia wa kondoo!"

"Ah," alisema Omurzak. "Kweli."

*

Kesho yake asubuhi alikaa dirishani na kompyuta, Begimay akiwa pembeni yake kwa kuwa ilikuwa zamu yake ya kupumzika, na Zuura akipita pita na kitambaa akifuta vitu visivyo na vumbi.

Alifungua mguu wa ukurasa wa watu wa Esenkul, mbele ya namba akaandika Esenkul. Akashuka kutazama wengine. Tynar walikuwa wamegeuka Esenkul. Chalbar nao.

"Babu! Wametekwa wote!" alisema Begimay.

"Tulia. Sehemu hizi kila moja inaiga iliyo mbele yake mpaka uikataze." Akabofya kile kiungo kinachofunga sehemu na iliyotangulia, akakikata, sehemu kwa sehemu, kama anavyokata umeme wa nyumba moja bila kuzima kijiji. Kisha akaandika upya. Esenkul 14. Tynar 14. Chini yake, upande wa kulia, peke yake, akaandika neno dogo la kukabidhi: kwa Esenkul, *meno*, kwa Tynar, *binti*. Kurasa nyingine zote angezifanyia hivyo hivyo, moja moja, majira ya baridi yakija, na Gulsun angechapa upya. Alishakubali. Alisema atatoza nusu, kwa kuwa makosa yalikuwa nusu kwa nusu.

Ndipo barua. Aliandika kwa kalamu, kwa mwandiko wake wa shule ya jioni, uliosimama wima kama nguzo. Alisimulia mashine iliyokwama, marundo mawili, meno mawili. Alipofika kwenye kosa, kalamu ilisimama.

"Kosa la mashine," alijaribu kwa sauti.

"Mashine haina mababu," alisema Begimay. "Shangazi wa Ilgiz watauliza, mashine ilijuaje kumchagua Jeenaly?"

"La duka, basi."

"Dada Gulsun si ameshasamehe nusu ya malipo kwa ajili ya kosa hili?"

"Na nusu nyingine ametoza."

"Babu."

Alimtazama. Alikuwa na pua ya baba yake na ukaidi ambao Zuura alisema ulitoka Tynar moja kwa moja. Alikuwa hamwombi. Alikuwa akingoja tu, kama anavyongoja mgonjwa amalize kulalamika ili amchome sindano.

"Hiyo barua itasomwa mbele ya watu wote," alisema Jumakadyr.

"Ndiyo."

"Na Botobay watasikia. Na Chalbar."

"Kabla jua halijatua," alisema Zuura kutoka kabatini, bila huruma.

Jumakadyr akaweka kofia sawa kichwani, kwa sababu jambo hilo aliona halifai kuandikwa kichwa kitupu, na akaandika:

*Namba hizi nilizipanga mimi, Jumakadyr wa tawi la Tynar. Nilitaka kila tawi liwe la kwanza, nikazipa kurasa nne namba ile ile bila kuzipa jina, hivyo mchapaji hakuwa na njia ya kujua. Kosa ni langu. Kazi ya kulirekebisha pia ni yangu, na naijua. Jeenaly ni mwana wa Boronbay, Boronbay ni wa Tynar, na wajukuu wetu wanakutana kwa Aldayar peke yake. Barpy alikutana na binti wa mshona viatu. Meno ni ya Turdu. Tunawangojeni baada ya nyasi.*

Alisoma mara mbili, hakuona la kuongeza, akatia sahihi.

Gulsun alimchapia karatasi zile mbili, na posta karani akampa bahasha ya kahawia. Jumakadyr aliingiza kwanza Esenkul 14, kisha Tynar 14, kisha barua juu yake, akazigonga mezani zikae sawa. Begimay alilamba gundi ya mdomo wa bahasha, akaubana kwa kiganja. Karani aliyeyusha lakiri nyekundu juu ya kijiko, akaidondosha mahali karatasi zinapokutana, akaikandamiza muhuri.

"Ina nini ndani?" aliuliza, akiipima mkononi.

"Mababu," alisema Jumakadyr. "Ishike vizuri."

Karani akaitupa kwenye mfuko wa Jumgal, akaufunga kamba.